Mteja Kujiamulia Mbele ya Kikao cha Ukoo

Katika misingi yote anayofundishwa mwanafunzi wa ustawi wa jamii, hakuna unaokaririwa kwa wepesi na kutekelezwa kwa shida kama ule wa haki ya mteja, yaani mtu anayehudumiwa na afisa wa ustawi wa jamii, kujiamulia. Padri Felix Biestek, Mjesuiti aliyefundisha Chuo Kikuu cha Loyola, Chicago, aliuweka miongoni mwa kanuni zake saba za uhusiano wa afisa na mteja mwaka 1957, na nyuma yake limesimama wazo la mwanafalsafa Immanuel Kant kwamba binadamu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kutimiza haja za wengine. Wazo hilo silipingi. Ninachokitilia shaka ni mteja anayefikiriwa humo: mtu mmoja, ndani ya ofisi iliyofungwa mlango, akipima njia zilizo mbele yake na kuchagua.

Mteja wa kata zetu hafiki hivyo. Tuchukue shauri ambalo maafisa wengi nchini Tanzania wamekutana nalo: mjane mwenye watoto wadogo, mume amefariki bila wosia, na mashemeji wanataka nyumba iuzwe. Uteuzi wa msimamizi wa mirathi unapoombwa katika Mahakama ya Mwanzo, hutakiwa muhtasari wa kikao cha ukoo, yaani karatasi yenye majina na saini za waliohudhuria, na si ajabu kuikuta saini ya mjane chini kabisa, baada ya wanaume wote (chai ya kikao, kwa kawaida, ameipika yeye). Ukimuuliza anataka nini, anajibu kwa upole, “Nitasikia wazee watakavyosema.” Je, hapo amejiamulia?

Wapo wanaojibu haraka kwamba amejiamulia, kwa kuwa kwetu mtu ni watu, na uamuzi wa ukoo ndio uamuzi wake. Wana pa kusimamia, maana fasili ya kimataifa ya taaluma hii iliyopitishwa mwaka 2014 inataja uwajibikaji wa pamoja na maarifa ya wenyeji bega kwa bega na haki za binadamu. Lakini wanaoshika neno hilo husahau kwamba uwajibikaji ni mzigo kabla haujawa mamlaka. Baba mkubwa anayesema nyumba ni ya ukoo aulizwe, hapohapo kikaoni, ni nani atakayewanunulia watoto sare na kuwalisha. Akinyamaza, basi alichokuwa anakidai ni mali, na afisa hana sababu ya kukiheshimu kama mila.

Kwa maoni yangu, afisa anapaswa kuonana na mjane peke yake kwanza, amsikilize anachokiogopa, amweleze haki zake, kisha aende naye kikaoni badala ya kumtenga na watu atakaoishi nao baada ya jalada kufungwa. Huko ahakikishe matakwa ya mjane yameandikwa katika muhtasari, pamoja na jina la kila aliyejitwika jukumu la malezi. Kuhusu watoto hakuna cha kupigia kura: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatanguliza maslahi yao na inakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake.

Baada ya hayo yote, mjane anaweza bado kuamua kuwafuata wazee katika yale yanayomhusu yeye mwenyewe, na afisa atapaswa kuupokea uamuzi huo hata kama unamkera. Biestek mwenyewe aliiwekea haki hii mipaka ya uwezo wa mteja, sheria, maadili na majukumu ya taasisi. Kero ya afisa haikuwamo. Ila taarifa inayosema tu kwamba “mteja ameridhia”, bila kueleza aliridhia mbele ya nani na baada ya kuambiwa nini, mimi huirudisha iandikwe upya.