Kodi ya Miezi Sita, Bumu la Siku Sitini

Kila mwaka ifikapo Oktoba na Novemba, ukipita Msewe, Changanyikeni, Sinza au Ubungo Kibo utawaona. Vijana wawili wawili, bahasha za kaki mkononi, wanamfuata dalali kwenye vichochoro, jua la Dar es Salaam likiwapiga utosini. Wengi ndiyo wameshuka basi kutoka mkoani wiki hiyo hiyo. Wamekosa bweni, sasa wanatafuta geto, yaani chumba cha kupanga mtaani. Na karibu kila mlango watakaogonga watasikia sharti lile lile, kwamba kodi ni ya miezi sita na inalipwa kwanza.

Sharti hilo limezua mabishano makali kati ya wanafunzi, wazazi, wenye nyumba na wanasiasa, na suala lenyewe limeshafika bungeni zaidi ya mara moja. Mimi nilikuwa upande mmoja wa mabishano haya kwa miaka mingi, tena kwa hasira. Siku hizi nimeyumba kidogo, na nadhani ni haki nieleze kwa nini.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu mjadala huu huishia kwenye lawama. Mwanafunzi mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hupewa fedha ya chakula na malazi. Kwa miaka kadhaa ilikuwa Sh 8,500 kwa siku, kisha ikapandishwa hadi Sh 10,000. Haimjii kila siku wala kila mwezi. Humjia kwa mafungu, na fungu moja, ambalo wanafunzi wenyewe huliita bumu, kwa kawaida ni la siku 60. Kwa hiyo mwenye kupata fedha hiyo kamili hushika Sh 600,000 kwa mkupuo.

Sasa chukua chumba kimoja cha kawaida, choo cha nje, maji ya ndoo. Tuseme kodi yake ni Sh 80,000 kwa mwezi. Miezi sita ni Sh 480,000. Dalali naye anataka chake, na desturi ya mjini ni kodi ya mwezi mmoja, yaani Sh 80,000 nyingine. Jumla Sh 560,000. Kijana anabaki na Sh 40,000 za kula siku 60, na hapo hajanunua godoro, ndoo, wala jiko la gesi. Isitoshe, bumu halimsubiri getini siku anayofika. Chuo hufunguliwa, usajili hufanyika, majina hupangwa, ndipo watu wasaini. Chumba kinatakiwa leo, fedha inakuja baadaye. Na huyo tunayemzungumzia ana mkopo. Wapo waliokosa kabisa.

Kuna sehemu ya hesabu hii ambayo watu huisahau. Mafungu manne ya mwaka wa masomo, kila moja la siku 60, ni siku 240, yaani miezi minane. Kodi ya miezi sita ukiilipa mara mbili ni miezi kumi na miwili. Mwanafunzi analipia miezi minne ambayo yuko likizo kwao Songea au Bukoba, chumba kimefungwa, mende wanatembea juu ya godoro lake.

Ukiishia hapo, mwenye nyumba ni mnyonyaji, kesi imekwisha. Mimi niliishia hapo miaka yote ya chuo. Nilipanga Msewe, kwenye nyumba ya mama mmoja mstaafu, na kila nilipompelekea kodi nilihisi ananikamua. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kujenga mwenyewe huko Mbezi, ndipo nilipoanza kuielewa hesabu yake.

Nyumba nyingi za kupangisha Dar es Salaam hazikujengwa kwa mkopo wa benki. Zimejengwa tofali kwa tofali. Mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, miaka miwili baadaye mabati. Mtu anayejenga hivyo, ukimpa Sh 80,000 kila mwezi, inaishia sokoni na kwenye ada ya mjukuu. Ukimpa Sh 480,000 kwa mara moja, anapaua chumba cha uani au anachimba shimo jipya la choo. Kodi ya miezi sita kwake ndiyo benki. Kwa mstaafu ambaye nyumba ndiyo mshahara wake, huwezi kumwambia tu kwamba aache tamaa.

Halafu kuna hofu, na haikutoka hewani. Mpangaji akishindwa kulipa, mwenye nyumba hana njia nyepesi ya kumtoa. Ataanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, watasuluhishwa, kijana ataahidi. Asipotimiza, lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lakini nauli, muda na usumbufu wa kufuatilia shauri kwa ajili ya deni la Sh 160,000 unazidi deni lenyewe. Na mwanafunzi ana tabia moja ambayo mpangaji mwingine hana. Ikifika Julai, anafunga kufuli, anakwenda kwao. Vitu vyake vimo ndani, kodi imekwisha, simu haipatikani. Ukivunja mlango, kesi ni yako. Usipovunja, chumba kimekufa hadi Oktoba.

Uchakavu nao umo. Wenyewe tunajua kinachotokea. Chumba kimepangishwa kwa mtu mmoja, wanalala wanne. Kwenye nyumba ya Kiswahili, ile yenye korido katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma, watu watatu wa ziada wanaonekana mara moja kwenye choo, kwenye maji na kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla. Ugomvi wa umeme nimeushuhudia mwenyewe zaidi ya mara moja. Familia ya chumba cha mbele ina taa moja na redio, wanafunzi wa chumba cha nyuma wana feni, pasi, kompyuta na jagi la kuchemshia maji, na mita ni moja. Siku ya kuchangia LUKU, kila mlango una hesabu yake. Mwenye nyumba akisema afadhali achukue fedha yake mapema, ajue ameshaipata, sioni ajabu.

Basi, upande huo una hoja. Lakini hoja zake zote zinahusu fedha, na kwa mwanafunzi miezi sita inakwenda mbali zaidi ya fedha.

Mtu aliyelipa miezi sita amefungwa. Chumba unakionyeshwa saa nane mchana, wakati wa kiangazi, dalali amesimama mlangoni anakuharakisha kwamba kuna wengine watatu wanakuja. Hujui kwamba maji hutoka mara moja kwa wiki, au kwamba baa iliyo nyuma ya ukuta hupiga muziki hadi alfajiri. Mji huu una mvua za vuli na za masika, na ziko sehemu nyingi za mabondeni, hasa kando ya Mto Msimbazi, ambazo vyumba vyake huwa nafuu kwa sababu ambayo utaijua siku maji yatakapoingia ndani. Mimi chumba changu cha kwanza kilivuja Machi. Nilikuwa nimelipa hadi Mei. Dalali hakupokea simu tena, mwenye nyumba akasema fundi anakuja, na nikawa nasomea mtihani kwenye vimbweta vya chuo, zile meza na viti vya zege vya nje, hadi usiku wa manane kwa sababu kitanda changu kilikuwa kimelowa.

Hilo langu lilikuwa dogo. Msichana wa miaka kumi na tisa ambaye jirani anamgongea mlango usiku, au ambaye mwenye nyumba mwenyewe ameanza kumzoea vibaya, anahitaji kuondoka kesho asubuhi. Akiwa ameacha nusu milioni kwenye mikono ya mtu huyo huyo, hataondoka. Atavumilia, atalala kwa rafiki siku mbili, atarudi. Kwangu mimi hii ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya miezi sita, na sijawahi kusikia jibu lake kutoka upande wa pili.

Usalama wa wanaokaa mtaani uliwahi kuwatoa wanafunzi barabarani. Januari 2013 wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, waliandamana wakilalamikia kuvamiwa, kuporwa na kudhalilishwa kwenye makazi yao Kigamboni. Walikuwa wanapanga huko, ng'ambo ya pili ya maji, kwa sababu inayoeleweka. Chuo kiko katikati ya mji, ambako mwanafunzi hawezi kodi, na pantoni kutoka Magogoni ni mwendo wa dakika chache.

Wapo wanaosema yote haya yasingekuwepo kama vyuo vingekuwa na mabweni ya kutosha. Ni kweli, na mfano wake uko Mlimani. Aprili 2017 yalifunguliwa mabweni mapya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, majengo 20 yenye nafasi ya wanafunzi 3,840, yaliyogharimu Sh bilioni 10. Ada iliyotajwa wakati ule ilikuwa Sh 500 kwa siku. Kwa siku 240 hiyo ni Sh 120,000. Linganisha na Sh 960,000 za geto letu la mfano kwa mwaka mzima. Pengo hilo linaeleza kwa nini watu hulala wawili kitanda kimoja, jambo ambalo pale chuoni lina jina lake, kubebana. Aliyepata kitanda anambeba aliyekosa, na ukaguzi ukija, mbebwa anahama na begi lake hadi hali itulie.

Ninaunga mkono mabweni, na kama kitanda ni kimoja apewe wa mwaka wa kwanza, hasa aliyetoka mbali. Lakini sidhani mabweni yatamaliza jambo hili. IFM, Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) na Taasisi ya Teknolojia vimebanwa katikati ya mji na havina pa kujitanua kama Mlimani. Idadi ya wanaodahiliwa huongezeka haraka kuliko majengo. Na kuna mtaa pia. Changanyikeni na Msewe zinaishi na wanafunzi hawa. Mama lishe, mwenye duka la kuchapa na kudurufu, bodaboda, fundi cherehani, wote wanaijua wiki ya bumu. Mwanafunzi naye hupata kitu mtaani. Mimi Kiswahili changu cha bara kilinyooshwa uani, na siku nilipougua malaria aliyenipeleka zahanati ni mama wa chumba cha mbele, yule yule tuliyegombana kuhusu LUKU.

Kwa hiyo tunarudi kwenye sharti lenyewe. Wengi wanataka sheria. Tulikuwa nayo, ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, ikafutwa 2005, na tangu hapo kinachotawala ni makubaliano ya wawili. Kusema ni makubaliano wakati mmoja ana chumba na mwingine ana begi na giza linaingia ni kulitumia neno hilo kwa ukarimu mno. Hata hivyo, wanaotaka kodi ya mwezi mmoja mmoja kwa amri ya sheria nadhani wanakosea kuhusu mwanafunzi. Mwenye nyumba akikatazwa kuchukua kodi ya mbele, atachagua nani ampangishe. Atamchukua karani mwenye mshahara, mwanafunzi ataambiwa chumba kimeshachukuliwa. Au watakubaliana miezi sita kwa mdomo na kuandika mmoja kwenye karatasi, na siku ya ugomvi mwanafunzi hatakuwa na ushahidi wa fedha yake.

Mimi naona miezi mitatu. Kwa mfano wetu ni Sh 240,000, na ukiongeza ya dalali ni Sh 320,000. Bumu linaacha Sh 280,000 za kula. Mwenye nyumba bado ana fedha ya kununulia nondo. Msichana anayetaka kuondoka anapoteza kidogo zaidi. Ila huwezi kumwomba mwenye nyumba apunguze kinga yake bila kumpa nyingine. Chuo kinaweza kuitoa. Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi iandike barua inayomtambulisha mpangaji, chumba, na mtu wa kupigiwa simu akitoweka Julai, na nakala ibaki kwa mwenyekiti wa mtaa. Bodi ya Mikopo nayo iangalie uwezekano wa kutoa sehemu ya malazi mwanzoni kabisa mwa mwaka kwa aliyekosa bweni. Najua hatari yake, wapo watakaoila kabla ya Desemba. Lakini hivi sasa wanaoshika nidhamu ndio wanaolala na njaa.

Mwaka jana mpwa wangu alipata nafasi chuo na kukosa bweni. Nilikwenda naye Msewe, tukazunguka na dalali tangu asubuhi, na alasiri tukapata chumba. Mwenye nyumba, mzee mmoja mtaratibu sana, alitaka miezi sita. Nikajitambulisha, nikamwonyesha kitambulisho changu cha kazi, nikampa namba yangu, nikamwambia kijana akikwama anitafute mimi. Alifikiri, kisha akakubali mitatu, tukaandikiana mbele ya mjumbe.

Chumba cha jirani, chenye ukubwa ule ule, kilichukuliwa jioni hiyo hiyo na kijana aliyekuja peke yake kutoka Kibondo. Hakuwa na mjomba Dar es Salaam. Alilipa sita.