Ng'ombe wa Mahari Anavuja

Ukitaka kuuziwa kitu usichokihitaji, oa kwenye ukoo wenye shemeji mjuaji. Wa kwangu aliwahi kuendesha gari la kampuni ya uwindaji wa kitalii, na tangu hapo hakuna jambo asilolijua, kuanzia dawa ya kikohozi mpaka kwa nini dola inapanda.

Mimi upinde nilikuwa nao tayari. Si ule wa mababu, wa mti na kano za mnyama. Huu ulikuwa wa kapi, yaani vigurudumu kwenye ncha zake vinavyopitisha kamba, aina aliyoibuni Mmarekani wa Missouri, Holless Wilbur Allen, akapewa hataza yake mwaka 1969. Niliununua Iringa mjini kwa mtaalamu wa kilimo aliyekuwa anafungasha kurudi kwao, anauza kila kitu mpaka mapazia. Nguvu ya kuuvuta ni paundi 45. Rangi ilikuwa imebanduka na kapi moja ilikuwa inalia, lakini mshale ulikwenda ulikotumwa. Jioni nikitoka kazini natundika gunia la majani makavu nyuma ya nyumba pale Kihesa, napiga mpaka giza linaingia. Nia yangu ilikuwa msimu ukifunguliwa niombe leseni, nimtafute nguruwe pori kihalali. Maana nguruwe hata akimaliza shamba lako zima bado ni wa serikali. Ukimwinda bila leseni, jangili ni wewe, siyo yeye.

"Paundi 45?" Shemeji alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Shem, hiyo si ya kufukuzia kunguru?"

Kumbe yeye anao wake, aliachiwa na mgeni mmoja kama bahashishi. Paundi 70, mweusi tii, una vidude vya kulengea vinavyong'aa kijani na nyekundu. Akanipigia hesabu palepale: nimpe wa kwangu, niongeze laki nne, tumalizane kindugu. Ukisikia "kindugu" kwenye biashara, shika mfuko.

Nikamwambia majimbo kadhaa huko Marekani yanataka paundi 40 tu kwa mtu anayewinda kulungu, kwa hiyo 45 zangu zinatosha na chenji inabaki.

"Kulungu wa Marekani hao wamezoea amani," akajibu. "Nguruwe wa Ismani kakulia kwenye mahindi ya mkopo. Ana stresi."

Shida yangu kubwa wala haikuwa paundi, ilikuwa mikono. Upinde wa kapi unachaguliwa kwa urefu wa mvuto, yaani kamba inarudi nyuma kiasi gani ukiivuta. Unanyoosha mikono yote miwili pembeni, unapimwa kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, halafu unagawanya kwa 2.5. Mimi nina sentimita 165, jibu ni 66, yaani inchi 26. Na kapi zina mwisho wake: huwezi kuvuta nusu ukasema hapa panatosha, mpaka zizunguke zigote. Ule wa Shemeji ulifungwa kwa ajili ya mgeni mrefu, inchi 30. Nikamweleza yote hayo kwa kituo.

"Utajinyoosha," akasema.

Tukakubaliana tuujaribu Ismani, ukweni, kwa sababu kule kuna nafasi. Nafasi ilikuwepo kweli, ila na watu nao walikuwepo. Mjomba wa mke wangu na wazee wenzake chini ya mti, watoto wa jirani juu ya ukuta, na kijana mmoja wa bodaboda aliyeleta mzigo akaamua kuzima pikipiki atazame. Gunia likawekwa mbele ya kichuguu. Nikavaa kile kifyatulio cha kufunga mkononi, nikakinasa kwenye kamba, nikavuta.

Paundi 70 ni karibu kilo 32. Nilivuta kwa mikono, nikavuta kwa mgongo, nafikiri na meno yalisaidia. Halafu ghafla kapi zikageuka na mzigo wote ukaondoka, maana ule upinde ukifika mwisho unakupunguzia asilimia 80. Unabaki umeshika kama kilo 6 hivi. Ningekuwa na mikono ya yule mgeni ningesema raha iliyoje. Kwa mikono yangu, kiganja cha kulia kilikuwa kimeshapita sikio kinaelekea kisogoni, na kamba imenilalia shavuni imevuta mdomo upande.

Hapo ndipo Mama mkwe alipotokea nyuma ya kichuguu na ndoo kichwani.

Nikaugeuza upinde upande wa pili haraka, mshale ukatazama chini, kusiko na mtu. Mama akasimama mbele ya gunia. Aliniona nimejikunja vile, akadhani napigwa picha.

"Kamwene, baba!"

Mkwe hasalimiwi kwa kichwa. "Kamwene, mama. Shikamoo," nikasema kwa kona ya mdomo.

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

"Yule mdogo kifua kilipona?"

"Kilipona, mama."

"Na ada mmeshalipa?"

Mkono wa kushoto ulianza kutetemeka, mshale nao ukatetemeka. Wa bodaboda akapiga kelele, "Achia!" Shemeji akajibu kwa sauti kubwa zaidi, "Asiachie! Ashushe taratibu!" Kuushusha sasa ndiyo kazi yenyewe. Kamba ikirudi kidogo tu, kapi zinageuka na zile kilo 32 zinarudi zote kwa mpigo, zinakuvuta kama mbuzi aliyeona mlango wa bustani. Nikajaribu. Upinde ukaniondoa nilipokuwa, hatua ya kwanza, ya pili, kidole kikagusa kifyatulio.

Ta!

Tangi la maji, jeusi, la lita 1,000. Mshale umezama mpaka kwenye manyoya, na pembeni yake maji yanachirizika kwa adabu.

Wengine hawakujua uzito wa jambo lile. Mimi nilijua, na Mjomba alijua. Tangi lile lilikuwa ng'ombe. Wakati wa mahari walitaja ng'ombe kadhaa, mmoja tukakubaliana nimbadilishe kwa tangi kwa kuwa Ismani shida ni maji. Mjomba akanyanyuka na fimbo yake, akalizunguka tangi, akatia kidole kwenye maji, akarudi kukaa kwenye kigoda.

"Ng'ombe hajafa," akatangaza. "Ila anavuja. Mtoa mahari atamtibu."

Shemeji alitaka kuuchomoa mshale, Mama akamkemea auache hapohapo, ndiyo kizibo chenyewe. Shemeji hakuaibika hata kidogo. "Umeona lakini, shem? Ile yako ya 45 ingezama hivi?" Laki nne zangu ziliishia kwa fundi bomba. Alipoliangalia lile tundu akasema limekaa pazuri, futi moja kutoka chini, akalitanua, akafunga koki.

Mimi nimebaki na 45 zangu, nimeipaka mafuta ile kapi, hailii tena. Shemeji bado anatafuta mteja mwenye mikono mirefu. Juzi Mama kapiga simu. Baada ya salamu na habari za ada, kasema koki ile imemrahisishia sana, haendi tena kuzunguka upande wa zizi. Sasa anauliza nitakuja lini, kwa sababu upande wa jikoni nao hauna koki, na nisisahau kuja na ule upinde mkubwa.