Makofi Hayamtui Mtu Mzigo

Jumapili ya kuwashukuru waliojitolea katika usharika wetu wa Kiunitariani imepita. Majina yalisomwa, wenye majina wakasimama, sisi wengine tukapiga makofi, na kila aliyesimama akaondoka na kadi yenye sahihi za watu ambao nusu yao hawajui alifanya nini. Makofi yangu yalikuwa ya dhati. Lakini nilipowatazama waliosimama niliona sura zilezile za mwaka uliotangulia na wa kabla yake, na nilijua wiki ijayo watarudi kwenye kazi zilezile. Hapo ndipo ugomvi wangu na sherehe hii unapoanzia.

Kwanza nieleze huu ni usharika wa aina gani, maana Waunitariani ni wachache duniani na wengi huwasikia kwa mbali tu. Asili yao ni Wakristo wa Ulaya wa karne ya 16 walioshikilia kwamba Mungu ni mmoja, si nafsi tatu. Mwaka 1568, katika mji wa Torda huko Transilvania, ambayo leo ni sehemu ya Romania, baraza lililokutana chini ya Mfalme János Zsigmond liliamua kwamba kila mhubiri ahubiri Injili kadiri anavyoielewa, na usharika usioridhika naye usilazimishwe kumsikiliza, bali umweke yule ambaye mafundisho yake unayakubali. Ferenc Dávid, mhubiri aliyezitetea hoja hizo, alifia kifungoni mwaka 1579, mfalme wake akiwa ameshakufa na upepo umeshageuka. Ng'ambo ya bahari, mwaka 1648, makanisa ya Wapuritani, Waprotestanti wa Kiingereza waliohamia Massachusetts huko Marekani, yaliandika utaratibu wao pale Cambridge: kila usharika uchague viongozi wake wenyewe. Mengi ya makanisa hayo yalikuja kuwa ya Kiunitariani. Chama chao cha Marekani kiliundwa mwaka 1825, na mwaka 1961 kikaungana na kanisa la Wauniversalisti, walioshikilia kwamba mwishowe Mungu atawaokoa watu wote.

Historia hiyo ya mbali ndiyo inayoamua nani anafagia ukumbi leo.

Ukiacha Transilvania, ambako hadi sasa wana askofu, usharika wa Kiunitariani kwa kawaida hauna mtu juu yake. Hakuna makao makuu yanayotuma mchungaji, wala mfuko wa dayosisi wa kuezeka paa likivuja. Jengo ni la washarika. Mchungaji, kama yupo, wamemwita kwa kura zao na mshahara wake wanauchanga wao. Sharika nyingi ndogo hazina mchungaji kabisa; washarika wenyewe hupokezana mimbari, na Jumapili hii utamsikia mwalimu wa hesabu, ijayo muuguzi aliyestaafu. Kule kwenye milima ya Wakhasi, kaskazini mashariki mwa India, Hajom Kissor Singh alianza ibada za Kiunitariani mwaka 1887 akiwa kijana asiyetumwa na misheni yoyote, na makanisa aliyoyaanzisha yapo mpaka leo.

Kwa hiyo tunaposema "tunawashukuru waliojitolea", najiuliza: tunaoshukuru ni akina nani? Shukrani ya namna ile hutoka kwa mwenye mali kwenda kwa aliyemsaidia mwenye mali. Hapa wote ni wenye mali. Anayeosha vikombe baada ya ibada hamsaidii mtu kazi yake. Anaosha vikombe vyake, na vyangu. Mimi ninayempigia makofi nikiwa nimekaa nimejipa cheo cha mwajiri bila kupigiwa kura.

Kuna jambo la pili linaloufanya usharika huu kuwa tofauti, nalo hulisikii likisemwa wazi. Kwingineko deni la shukrani huhamishiwa mbinguni. Mtu amepika, amefagia, amefundisha watoto, na tunamwambia Mungu atamlipa. Hapo kila mmoja anakwenda nyumbani akiwa ameridhika, hasa mdaiwa. Katika usharika wa Kiunitariani wa siku hizi, anayemwamini Mungu hukaa benchi moja na asiyemwamini, pembeni yao yuko anayetafakari kwa njia ya Wabudha, na hakuna kanuni ya imani inayowalazimisha kukubaliana. Huwezi kumwahidi kila mtu thawabu ya akhera. Deni linabaki hapahapa, kati yetu, na halina pa kuhamia.

Mwanatheolojia James Luther Adams, Muunitariani wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1901, aliliona jambo hili kwa upana kuliko mtu yeyote ninayemjua. Alikwenda Ujerumani miaka ya 1930, akashuhudia jinsi Wanazi walivyovimeza au kuvivunja vyama vya hiari: vya wafanyakazi, vya vijana, vya makanisa. Alirudi akiamini kwamba uhuru wa nchi unategemea vikundi ambavyo watu hujiunga navyo kwa hiari na kuvitumikia bila malipo. Akafundisha kwamba kama Waprotestanti walivyosema waumini wote ni makuhani, basi wote ni manabii pia. Alisimulia kikao cha baraza la kanisa lake huko Chicago kilichoendelea hadi usiku wa manane, wakibishana kama wafungue milango kwa watu Weusi. Mjumbe mmoja aliyepinga aliulizwa kazi ya kanisa ni nini. Baada ya kuhangaika kidogo, alijibu kwamba ni kuwakamata watu kama yeye na kuwabadilisha. Hoja ikapita. Naikumbuka habari hiyo kila ninaposikia mtu akizidharau kamati zetu, ambazo kwa kweli ni nyingi mno, na nyingine nadhani ziliundwa ili kuchunguza kwa nini kamati ni nyingi.

Tukubali basi kwamba kazi hizi ni nzito na zina maana. Lakini zinafanana? Hazifanani hata kidogo, na makofi ya jumla huzifanya zifanane.

Chukua walimu wa watoto. Katika sharika nyingi za Kiunitariani watoto hukaa ndani ya ibada dakika chache za mwanzo, kisha hutoka na walimu wao kwenda madarasani. Maana yake ni kwamba mwalimu aliyejiunga na usharika kwa sababu alikuwa na kiu ya ibada hukosa ibada. Hasikii mahubiri. Hayupo watu wanapowasha mishumaa na kusema furaha na huzuni zao za wiki, kwa hiyo habari za msiba wa jirani yake wa benchi anazipata akiwa wa mwisho. Anaposikia kwaya, anaisikia kupitia ukuta. Ukimpa kadi mwisho wa mwaka umemshukuru kwa kufundisha, lakini alichokosa hujakigusa. Shukrani inayomfaa ni mtu wa kumwambia, "Leo kaa ndani, darasa nalishika mimi," na kumwambia hivyo zaidi ya mara moja.

Au mweka hazina. Yeye ndiye mtu pekee anayejua nani aliahidi mchango na hakutoa, nani alipunguza ahadi yake baada ya kupoteza kazi, na nani anatoa kingi kimyakimya huku akilalamikiwa kwamba haonekani kwenye shughuli. Anakaa na siri hizo na bado anasalimiana na kila mtu kwa uso uleule. Kazi yake halisi ni kunyamaza, na huwezi kuisomea risala. Yuko pia yule wa mitambo, aliyezoea kuketi nyuma na kompyuta tangu ibada zihamie mtandaoni mwaka 2020. Tunamkumbuka sauti inapokatika. Inaposikika vizuri, mtambo ndio unaosifiwa.

Halafu kuna wasioitwa kabisa. Orodha ya waliojitolea, tukiwa wakweli, ni pia orodha ya wenye nafasi: wastaafu, wenye gari, wasio na mgonjwa nyumbani, wasiofanya kazi ya zamu. Kamati ikikutana jioni za katikati ya wiki, mama anayelea peke yake hawezi kuwamo, na mwisho wa mwaka hasimami. Yeye hutoa anachoweza, na mara nyingi ni kumpigia simu mzee aliyelazwa. Hakuna kamati ya simu hizo, kwa hiyo hakuna kadi.

Wapo wazee wetu wasiotaka shukrani zozote. Husema tenda wema nenda zako, na wakibanwa huongeza kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nawaheshimu, ila methali hiyo naisoma kwa namna yangu. Nadhani mgema yule aliharibiwa na sifa za jumla, za watu wasiojua tembo lake lina ladha gani. Anayesema "tembo la leo limekolea kuliko la jana" ameonja, na mgema anajua kuwa anaonjwa. Maji atayatia saa ngapi? Hata kwetu, aliyeandika kumbukumbu za kikao hahitaji kuambiwa ni nguzo ya usharika. Mwambie kwamba ile aya yake kuhusu mgogoro wa maegesho iliandikwa kwa haki kiasi kwamba pande zote mbili ziliitia sahihi. Hapo utakuwa umeisoma, na shukrani ya mwandishi ni kusomwa.

Ajabu ni kwamba Waunitariani wana ibada yao wenyewe inayofundisha jambo hili vizuri kuliko Jumapili yetu ya makofi. Mwaka 1923, huko Prague, mchungaji Norbert Čapek alitafuta tendo la kuwaunganisha washarika wake, wengi wao wakiwa wameacha Ukatoliki na hawataki tena mkate na divai. Akawaomba kila mmoja aje na ua. Maua yalikusanywa pamoja, na wakati wa kuondoka kila mtu alichukua ua tofauti na lile alilokuja nalo. Mkewe, Maja, aliipeleka ibada hiyo Marekani mwaka 1940. Čapek mwenyewe alikamatwa na Wanazi mwaka 1941 na kuuawa mwaka 1942. Leo inafanyika kila mwaka katika sharika za nchi nyingi.

Angalia jinsi ilivyopangwa. Hakuna anayesimamishwa, na ua halina jina. Kila mtu ametoa na kila mtu amepokea, na aliyeleta ua lililochumwa kando ya njia anaweza kurudi na waridi. Hakuna mgawanyo wa wanaotoa na wanaopiga makofi. Kwa nini basi, tukifika kwenye kazi, tunaurudisha mgawanyo huo?

Ningependa tufanye kazi tulivyofanya maua. Kwa mwezi mmoja kila mwaka tubadilishane: mwenyekiti wa baraza awe mlangoni akikaribisha wageni, mkaribishaji akae na mweka hazina akaone hesabu zinavyofungwa, mwanakwaya ashike watoto, mwalimu wa watoto aimbe, hata kama hajui. Ibada za mwezi huo zitakuwa ovyo kidogo, nakubali. Kahawa ya baada ya ibada, ambayo wenyewe hutaniana kwamba ndiyo sakramenti pekee ya Waunitariani, huenda ikachelewa au ikaungua. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sijui njia ya kuujua uzito wake zaidi ya kuubeba.

Mwezi huo peke yake hautoshi, na hapa nafika kwenye jambo ambalo baraza letu halipendi kulisikia. Sisi ni hodari wa kumtwika mtu, ila kumtua hatujui. Mtu akikubali kazi, ameikubali mpaka ahame, augue au akasirike. Njia ya kuingia ina tabasamu na mkono begani. Njia ya kutoka haipo, kwa hiyo watu hutokea dirishani. Wanaacha kuja. Baadaye tunauliza kwa mshangao imekuwaje fulani aliyekuwa na moyo vile akapoa, na hatujiulizi kama makofi ya mwaka jana hayakuwa kamba nyingine ya kumfungia. Ni vigumu sana kusema "nimechoka" wiki moja baada ya kusimamishwa mbele za watu.

Pendekezo langu kwa mkutano mkuu ujao ni fupi. Kila kazi iwe na muda wake unaojulikana siku ya kuipokea, miaka miwili, na ikiisha iishe. Siku hiyo anayeondoka amkabidhi anayeingia funguo au daftari mbele ya usharika, na atoke bila kupangiwa kazi nyingine papo hapo. Asipopatikana wa kumrithi, anayeondoka asibembelezwe abaki. Kazi ndiyo isimame. Kuna kazi ambazo hakuna anayezihitaji isipokuwa yule anayeogopa kuziacha, na hatutazijua mpaka zisimame.

Mwenyekiti ameniuliza itakuwaje jarida letu la kila mwezi likikosa mhariri. Nimemjibu kwamba lisitoke. Tukae miezi miwili mitatu bila jarida, tusubiri wa kwanza kuuliza limekwenda wapi, na huyo ndiye tumkabidhi.