Bodi ya Mikopo ipo, lakini deni lake hulipwa na nani?

Waulize wazazi wa Tanzania wenye watoto wa shule ya msingi kuhusu akiba ya chuo kikuu, wengi watakujibu: Bodi ya Mikopo ipo. Si jibu la uvivu. Tangu Bodi hiyo ya serikali, inayokopesha wanafunzi wa elimu ya juu, ianze kazi mwaka 2005, watoto wa wakulima na wauza mboga wamesomea udaktari na uhandisi bila mzazi kuuza shamba. Mwaka 2021 ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa, na deni lisilo na riba huwa jepesi kadiri shilingi inavyopungua nguvu. Isitoshe, mzazi wa kibarua ambaye mwanawe hana daftari leo hana sababu ya kuhangaikia chuo cha miaka 15 ijayo. Anunue daftari.

Hadi hapo niko nao. Tunaachana kwenye salari slipu ya kijana aliyekwisha kuajiriwa.

Mnufaika, yaani aliyesoma kwa mkopo wa Bodi, hukatwa asilimia 15 ya mshahara, nayo huhesabiwa kabla ya kodi na michango. Chukua mtumishi wa umma anayelipwa shilingi 800,000 kwa mwezi. Pensheni inachukua 40,000, bima ya afya 24,000, kodi kama 68,000, na Bodi 120,000. Yaani Bodi peke yake inakaribia mara mbili ya kodi. Anabaki na 548,000, na hapo hajalipa pango wala nauli. Kama anadaiwa milioni 12 na mshahara haupandi, atakatwa miezi 100: miaka minane na ushei, ile ile ambayo watu huoa, huolewa na kuanza kujenga.

Na huyo kijana mara nyingi ndiye mtoto wa kwanza. Siku alipopata ajira, nyumbani walishahesabu kwamba mdogo wake amepata wa kumnunulia godoro la bweni, sare na nauli ya kwenda na kurudi shule. Zile 120,000 hazimpunguzii yeye tu. Zinamfikia mdogo wake, na mama anayesubiri muamala wa mwisho wa mwezi. Tunaposema serikali itamsomesha mtoto, gharama haijaondoka kwenye familia. Imesogezwa mbele, ikawekwa kwenye mabega ya yule yule tunayemtegemea kuwainua wenzake.

Sasa mzazi mwenye kipato cha uhakika akiweka 30,000 kila mwezi tangu mtoto azaliwe hadi afikishe miaka 18, atakuwa ametoa 6,480,000, bila kuhesabu faida hata senti. Punguza kiasi hicho kwenye zile milioni 12, makato yanashuka kutoka miezi 100 hadi 46. Ada zitakuwa zimepanda, ni kweli, ndiyo maana kibubu hakifai. Mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kama ule wa Watoto wa UTT AMIS, hukuza fedha, ingawa thamani ya vipande, yaani sehemu unazonunua kwenye mfuko, huweza pia kushuka. Vikoba vina faida zake, lakini vikivunjwa Desemba, Januari inameza kila kitu. Kiwanja nacho hupanda bei, ila huwezi kukata kona yake moja ulipie muhula. Chuo kikifunguliwa unauza kwa haraka, na mnunuzi anaijua haraka yako.

Wapo wanaouliza: na mtoto asipofika chuo kikuu, si nitakuwa nimejinyima bure? Hapo ndipo akiba inapoupita mkopo. Mkopo wa chuo kikuu hupewa aliyefika chuo kikuu. Akiba hulipia pia ufundi umeme VETA, hununua cherehani, humlipia kijana masomo ya udereva na leseni yake.