Mashine Isiyokula Umeme

Jamani, umeme wa mtaani kwetu una macho. Ukikuona umeshika karatasi ya kutoa kopi, unakatika. Jumamosi nipo steshenari na muhtasari wa kikao cha harusi, maana mimi ndiye katibu wa kamati, mtu wa heshima zangu, kijana ananiambia, "Mzee, vuta subira." Kikao saa kumi! Jenereta lipo, mafuta hakuna. Ya mafuta tuyaache.

Nikaelekezwa kwa mwalimu mstaafu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Yangu haili umeme," akasema, akafunua kanga juu ya mashine ya stensili, ile ya mkono iliyotudurufia mitihani enzi zetu.

Kwanza nikapigwa somo. Eti Edison alisajili kalamu ya umeme ya kutobolea stensili kule Marekani mwaka 1876, kisha Gestetner, Mhungaria, akasajili ya kwake London mwaka 1881. Naitikia tu. Mie nataka kopi.

Binti yake akakaa kwenye taipu. Utepe unawekwa kando, herufi tupu ndizo zikate ile nta ya stensili, karatasi ambayo wino hupenya palipokatwa tu. Sasa binti yule anapiga kama anamdai mtu! Kila "o" inatoboka na kudondoka nzima. Akakosea jina la bibi harusi. Ikaletwa dawa ya kufutia, ya pinki, inanuka rangi ya kucha; tukainama wote watatu kupuliza ikauke.

Stensili ikavishwa kwenye silinda, wino ukakamuliwa. "Zungusha wewe, una nguvu," mwalimu akaniambia. Katibu mzima nikashika mpini. Krr-chap, krr-chap. Ya kwanza nyeupe pe. Ya pili giza totoro. Ya tatu ikasomeka, ila kila "o" ni doa jeusi. Penye "mchango" mwisho wake umeziba kabisa. Hapo sikubisha, ndivyo michango yetu ilivyo. Tulipofika pazuri, stensili ikajikunja, ikachanika katikati ya bajeti ya vinywaji. Na shati langu jeupe la kikao, kiwiko chote wino!

"Huo hautoki," mwalimu akasema kwa upole. "Wa mafuta huo."

Hautoki! Nimevaa shati moja la maana mwaka mzima, hautoki!

Nafika kikaoni, mwenyekiti anaitazama karatasi, ananitazama mimi. "Katibu, si ungetuma tu kwenye grupu?"

Grupu! Bando ananunua nani? Humo kwenye grupu wenyewe wanatumiana maua ya asubuhi njema, ukiuliza ahadi kimya. Mshereheshaji anataka nusu ya pesa mkononi. Mweka hazina ana simu mbili, zote hapokei. Halafu kuna mjomba wa bibi harusi, huyu anataka ndafu wawili. Mchango wake? Elfu tano. Na bado ni ahadi.