Malindi Ipi? Tovuti Zetu na Vichwa Visivyosema Kitu

Mtu akiwa Dar es Salaam akaandika "nyumba ya wageni Malindi" kwenye Google, mtambo una kazi ya kuamua. Anaitaka Malindi yetu ya Kaunti ya Kilifi, Kenya, mtaa wa Malindi ulioko Mji Mkongwe wa Zanzibar, au ile Malindi nyingine iliyo kando ya Ziwa Malawi? Utakisia kwa mahali alipo, na kwa jinsi kila ukurasa unavyojieleza. Sasa pita kwenye tovuti za biashara ndogo za hapa mjini uone zinavyojieleza. Kichwa cha ukurasa: "Home". Nyingine: "Karibu". Nyingine bado ina jina la templeti iliyonunuliwa, na mwenyewe hata hana habari. Halafu mwenye nyumba analalamika kwamba wageni wote wanampitia wakala wa mtandaoni anayekata kamisheni.

Kichwa hicho na maelezo mafupi ya ukurasa huwekwa kwa tagi, yaani alama zilizo ndani ya msimbo wa ukurasa ambazo mitambo ya utafutaji huzisoma. Mimi nasema tagi hizi ziandikwe na mwenye biashara, si fundi wa tovuti. Fundi anajua HTML, lugha ya kujengea kurasa. Hajui kwamba mgeni wako wa Agosti ni Mtaliano anayekuja na watoto, wala kwamba Desemba chumba hichohicho kinatafutwa na familia kutoka Nairobi, ambayo swali lake la kwanza ni kama kuna jiko.

Tuanze na cha kutupa. Bado wapo watu mjini wanaouza huduma ya "kujaza keywords", ile tagi ya meta (ya habari kuhusu ukurasa, isiyoonekana na msomaji) ya maneno ya kutafutia. Miaka ya tisini ilikuwa na maana: mitambo kama AltaVista na Infoseek iliisoma, na watu wakaigeuza manamba anayeita Mombasa, Garsen, Lamu na Nairobi kwa matatu moja. Kila ukurasa ukadai kuwa na kila kitu. Septemba 2009 Matt Cutts, aliyekuwa mhandisi wa Google, alitangaza wazi kwamba Google haitumii tagi hiyo kupanga matokeo. Aliyekutoza pesa kwa kazi hiyo mwaka huu amekuuzia mbuzi kwenye gunia.

Chenye uzito ni kichwa. Wajuzi watanikumbusha kwamba kwa kanuni za HTML kichwa cha ukurasa si tagi ya meta, ni jirani yake tu. Kweli, lakini ndicho mtu anachokiona kwanza kwenye matokeo, na Google inakitumia kuelewa ukurasa unahusu nini. "Vyumba vya familia vyenye jiko, Silversands, Malindi, Kenya" kinafanya kazi ambayo "Home" haiwezi. Weka mbele kile mgeni anachotafuta, maana skrini ya simu ni nyembamba na mkia wa kichwa hukatwa. Jina la nyumba yako, kama si maarufu, linaweza kukaa mwisho. Najua linauma hilo, hasa kama nyumba ina jina la mama. Lakini asiyekujua hawezi kukutafuta kwa jina.

Kila ukurasa pia uwe na kichwa chake. Ukurasa wa safari za baharini ukibeba kichwa kilekile cha ukurasa wa vyumba, umezika safari zako mwenyewe. Ukiandika ovyo, Google inaweza kukiandika upya. Tangu Agosti 2021 mfumo wake huchota zaidi maneno yaliyo juu ya ukurasa wenyewe pale inapoona kichwa ulichoweka hakifai. Huwezi kuizuia, ila ukiandika kichwa cha kweli na kinachoeleweka unapunguza sababu ya kukibadilisha.

Maelezo ya ukurasa, yaani meta description, hayakupandishi hata hatua moja kwenye orodha. Google ilishasema hivyo. Kazi yake ni kumshawishi mtu abofye, na hapo ndipo tunapoharibu kwa maneno matupu: "Huduma bora, bei nafuu, mazingira tulivu, karibuni nyote." Hiyo ni hoteli ipi? Inaweza kuwa Kisumu. Linganisha na hii: "Vyumba vitano vyenye feni na neti, dakika chache kwa tuktuk kutoka uwanja wa ndege wa Malindi. Asubuhi mahamri na mbaazi. Jenereta ipo." Mtu aliyewahi kulala gizani pwani akisoma neno jenereta atabofya. Mara nyingi Google itaacha maelezo yako na kuonyesha sentensi nyingine kutoka ndani ya ukurasa, ikiona inajibu vizuri zaidi alichouliza mtafutaji. Kwa hiyo ndani ya ukurasa nako kuwe na sentensi zenye habari.

Na uandike jinsi wageni wanavyoandika. Sisi tunasema Gede, lakini UNESCO ilipouingiza mji huo wa magofu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024 iliuandika Gedi, na watalii wengi wataandika hivyo. Unaongoza wageni kwenda magofuni? Basi tahajia zote mbili zionekane kwenye ukurasa wako, moja kichwani na nyingine kwenye maelezo au ndani ya aya. Korongo la Marafa vivyo hivyo: wenyeji wanalijua kama Nyari, mgeni ameambiwa Hell's Kitchen.

Suala la lugha hapa kwetu ni pana kuliko miji mingine. Waitaliano wamekuwa nasi tangu miaka ya sitini, walipoanzisha kituo cha anga cha San Marco pale Ngomeni, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Ndiyo maana tovuti nyingi za Malindi huchanganya Kiingereza, Kiitaliano na Kiswahili kwenye ukurasa mmoja, aya kwa aya. Tafadhali zitenganishe. Kila lugha ipewe ukurasa wake, kichwa chake na maelezo yake, kisha kurasa ziunganishwe kwa hreflang, tagi inayoitajia Google matoleo ya lugha nyingine ya ukurasa huohuo: en, it na sw, kila moja ikizitaja nyingine zote. Msimbo wa Kiswahili ni sw. Nimeona mtu ameweka ki, ambao ni wa Kikuyu. Google itaitambua lugha kwa maandishi yenyewe, lakini ishara unayoituma isipotoshe.

Na ukurasa huo wa Kiswahili usiwe pambo. Mgeni wa kutoka Mombasa, Tanga au Nairobi ni mgeni, na analipa. Sioni kwa nini tumwandikie Mtaliano vizuri kisha ndugu yetu tumwekee "Karibu" peke yake.

Kuna tagi nyingine ambayo Google haiitumii kukupandisha, lakini kwa Malindi naiweka mbele ya nyingi: Open Graph, iliyoanzishwa na Facebook mwaka 2010. Ndiyo inayoamua linki yako ionekane vipi ikitumwa WhatsApp. Bila hiyo, kundi la familia linalopanga likizo linaweza kupata linki kavu isiyo na picha, na jumbe kumi baadaye imeshapotea juu huko. Weka og:title (kichwa), og:description (maelezo) na og:image (picha). Picha iwe ya chumba chenyewe au ufuo ulio mbele yako, si machweo ya kununua.

Kabla ya yote haya, hakikisha tovuti haijajificha. Mafundi wengi huweka noindex, tagi inayoiambia Google isiuonyeshe ukurasa, wakati wa kujenga ili ukurasa usiokamilika usitokee, na kwenye WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, ni kisanduku kimoja tu cha kutia alama. Kazi ikiisha wanasahau kukiondoa. Tovuti inapendeza, malipo yamekwisha, na Google imeambiwa isiionyeshe. Andika kwenye Google site: ikifuatwa na anwani yako, bila nafasi, uone kama kurasa zako zinatokea. Kisha jiandikishe Google Search Console, huduma ya Google ya kuangalia tovuti yako inavyoonekana kwenye utafutaji, ambayo ni bure, na uombe kurasa ulizorekebisha zipitiwe tena. Jibu linaweza kuchukua siku kadhaa, hata wiki, na familia za Nairobi huanza kutafuta vyumba vya Desemba kabla hatujamaliza kupaka rangi kuta. Mwezi wa tisa si mapema mno.