Aina za mimenyuko zifundishwe kwa jiwe la chokaa

Mwanafunzi wa sekondari atakutajia aina za mimenyuko ya kikemia bila kukwama: muungano, mtengano, uhamishaji, mwako. Mpe jiwe la matumbawe, muulize litakuwaje tanurini, ananyamaza. Tunakosea kwa kutanguliza majina. Tuanze na chokaa.

Jiwe la matumbawe karibu lote ni kabonati ya kalsiamu. Likifika nyuzi 900 hivi za Selsiasi linatengana: kaboni dayoksaidi inatoka, oksidi ya kalsiamu inabaki. Kuni zinazolichoma ndizo mwako wenyewe. Kilo 100 za jiwe safi huacha kilo 56 tu, kwa hiyo mzani unatosha kukuambia. Jiwe likitoka na uzito uleule, halikuiva. Vipande vikubwa huiva nje, kiini kikabaki jiwe. Moto ukizidi nako kuna hasara: chokaa inashikamana, inanywa maji polepole mno, na chembe zilizochelewa huja kuvimba ukutani na kuibandua lipu.

Ndipo yanakuja maji, na hapa ni muungano. Kwa hesabu, kilo 56 za oksidi zinataka kilo 18 za maji, lakini joto lake linaweza kuyachemsha na mengi yakapotea kwa mvuke, basi lazima yazidi. Chokaa itiwe kwenye maji kidogo kidogo, wala si maji juu ya chokaa, na macho yakingwe.

Ukutani chokaa inavuta kaboni dayoksaidi ya hewani, inatoa maji, inarudi kuwa kabonati ileile ya mwanzo. Hewa hiyo huyeyuka kwanza kwenye unyevu ndipo ifanye kazi, na ndiyo maana lipu iliyokaushwa na jua kali hubaki unga.

Ukiacha zile kuni, katika safari yote hiyo hakuna elektroni iliyohama. Wanaodhani kila muungano ni oksidisho, yaani kupoteza elektroni, waonyeshwe hili mapema.

Uhamishaji ndio chokaa haiuonyeshi vizuri. Chukua gramu 10 za mrututu (salfeti ya shaba), yeyusha katika mililita 100 za maji, tumbukiza msumari uliosuguliwa kwa msasa. Ukiwa na mafuta, shaba haishiki. Ukiwa wa kupakwa zinki, zinki ndiyo itakayotangulia kuyeyuka. Upimwe kabla na baada: kila gramu 56 za chuma zinazoondoka zinapisha gramu 63.5 za shaba, kwa hiyo msumari unaongezeka uzito. Usifutwe kwa kitambaa kabla ya kupimwa; shaba hiyo ni laini kama matope, inabanduka.